Mamba Aliyemmeza Mama Mkwe

Dieumerci alikuwa na makundi mawili kwenye simu. La kwanza, Bajinga ba Kipushi, lilikuwa la rafiki zake wa shule, watu wazima na ndevu zao, na tangu lifunguliwe hakuna aliyewahi kuandika humo jambo la maana. La pili, Dot ya Gaëlle, lilifunguliwa na Angélique, shangazi wa mchumba wake, kupanga mahari ya Jumamosi. Humo Dieumerci aliambiwa asome tu, afunge mdomo, kwa sababu mama mkwe mwenyewe, Mama Laurentine, alikuwemo. Na mkwe hamtanii mama mkwe. Hata kula mbele yake hali, hata mkono hampi.

Sasa mtazame huyu kichwa maji. Asubuhi yuko chooni, simu mkononi, anajichekea peke yake, anaandika:

"Mamba wa Lufira amemumeza mama mukwe wangu. Kesho yake mamba ananipigia, analia: Kuya umuchukue, tangu jana ananiuliza niko na diplome gani!"

Akatuma, akangoja Bajinga wacheke. Kimya. Akatazama jina la kundi. Mungu wangu! Dot ya Gaëlle! Jasho likamtoka mpaka kwenye magoti. Akabonyeza kufuta, akashusha pumzi. Lo, mjinga ni mjinga: alikuwa amefuta kwenye simu yake tu. Kwa wakwe wote mamba alikuwa bado anaogelea.

Gaëlle akapiga simu. "Weye uko muzima kweli? Mama amesoma, ameingia mu chumba, amefunga mulango! Tantine Angélique anasema dot imekufa!"

"Nifanye nini?"

"Leta kuku mweupe, uombe musamaha. Na usimuangalie mama!"

Dieumerci alimpenda Gaëlle mpaka akili zikapungua, nazo hazikuwa nyingi. Akaenda kwao Gaëlle, mtaa wa Golf, kuku kwapani, akapiga magoti nje ya geti huku anamkodolea macho kuku. Ndani, Angélique alikuwa anamtukana yeye, ukoo wake, na choo chao pia.

"Angélique, nyamaza," ikasema sauti ya Mama Laurentine nyuma ya ukuta. "Gaëlle, umuambie ule bwana, juu mimi sisemi naye. Umuambie nilifunga mulango juu nilikuwa nacheka, na mama mukwe hawezi kucheka hivyo mbele ya bantu."

Gaëlle akarudia neno kwa neno, ingawa ukuta ulikuwa mfupi na hata majirani walisikia.

"Umuambie, toka papa yako amekufa, hakuna muntu amenichekesha mu hii nyumba."

Hapo Gaëlle alishindwa kurudia. Dieumerci alimkumbatia kuku.

"Mu groupe asiandike tena hata kitu. Akipata ingine ya kuchekesha, atume kwako, weye utanisomea." Mama Laurentine akashusha sauti. "Na atume jioni. Asubuhi ninaweza kuvumilia. Jioni ndiyo inanishinda."