Bendi Isiyo na Besi

Jumamosi hiyo, baada ya sala ya alasiri, waliokuwepo katika karakana ya ushonaji katika mtaa wa Rwezamenyo walikuwa wanne: Usumani, fundi cherehani na mwenye nyumba, mpiga gitaa; Mukunde, muuguzi, mwimbaji na mpiga gitaa; Sangwa, mwenye duka la dawa mtaani Remera, mpiga gitaa; na Ndihokubwayo, mstaafu wa ofisi ya ardhi, mpiga ngoma. Mdogo wao kwa umri alikuwa amekwishatimiza miaka arobaini na tisa.

Kila mmoja alikuwa amepiga roki katika bendi yake, zile bendi za vijana wasio na mfadhili, waliojirekodia kanda chumbani na kuzipeleka wenyewe redioni. Bendi zote hizo zilikuwa zimekufa. Hii mpya walikuwa wameijadili kwa simu miezi mitatu: jina, rangi ya mashati, hata nani asimame upande gani wa jukwaa.

Walipiga wimbo wa kwanza hadi ubeti wa pili, kisha Ndihokubwayo akaviweka chini vijiti vyake.

"Samahani, jamani. Besi anapiga nani?"

Sangwa alimtazama Mukunde. Mukunde akamtazama Usumani.

"Mimi nilijua Fundi ana mtu," alisema Sangwa.

"Mtu gani? Mimi nilijua wewe ndiye mwenye mtu!" alijibu Usumani.

Mukunde alicheka hadi akaiegemea meza ya kukatia vitambaa. "Watu wazima na mvi zenu! Miezi mitatu tunagombania mashati, kumbe tumekusanyana wapiga solo watatu. Hii ni harusi ya mabwana harusi watupu!"

"Basi besi ishike wewe, dada," alisema Sangwa.

"Mimi naimba, sha, ndugu yangu. Vidole vyangu havina akili mbili."

Sangwa alilikumbatia gitaa lake. "Basi na mimi msinitazame. Solo nimeianza tangu Kampala, nikiwa na kaptura."

Usumani hakucheka. Bendi yake ya kwanza, pale Nyamirambo, ilivunjika kwa jambo la namna hii hii: wapiga solo wawili, nafasi moja, na yeye ndiye aliyekataa kushuka. Tangu siku hiyo gitaa lake lilining'inia ukutani miaka kumi na saba, kati ya kanzu za wateja. Aliwajua watu wa rika lake. Wangeagana kwa adabu, wangeahidi kupigiana simu, na wasingerudi tena. Lakini solo ya wimbo huu aliitunga yeye mwenyewe, na kwa wiki sita alikuwa akizima cherehani mapema ili aifanyie mazoezi. Kuiachia kulimuuma.

"Fundi," Mukunde alimwita, sasa kwa upole, "koti lisilo na bitana hukaa mwilini?"

"Hukaa. Ila humwaibisha aliyelishona." Akavuta pumzi. "Turudie. Sangwa, shika solo."

Alipunguza ukali wa sauti ya gitaa lake, akaanza kupiga nyuzi mbili nene kwa kidole gumba. Ubeti wa kwanza alikosea mara mbili, na Ndihokubwayo akakohoa kila alipokosea. Katika ubeti wa pili kidole gumba chake na mguu wa mpiga ngoma vilikutana. Sauti ya Mukunde, ambayo mwanzoni ilipanda kama ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea, ikatulia. Kisha ikaja solo. Sangwa hakuipiga kama Usumani alivyoitunga: aliivuta noti moja zaidi ya kipimo, na huko kuivuta kukawa kutamu. Wivu ulimchoma Usumani kwa muda mfupi. Mara akajikuta anatabasamu peke yake huku kidole gumba kikiendelea na kazi. Nje, wanawake wawili waliokuwa wakipita na mboga zao walisimama mlangoni, wakasikiliza hadi mwisho.

Wimbo ulipokwisha, Usumani aliliweka gitaa juu ya marobota ya vitambaa, akasimama, akaiweka sawa kofia yake.

"Sikilizeni nyote. Besi ni yangu. Wiki hii nitatafuta gitaa la besi. Solo ni ya Sangwa, lakini akipitisha mizunguko minne nitazima umeme, kwani nyumba ni yangu. Jumamosi ijayo, saa kumi na nusu kamili, kila mtu awe hapa."