Mifuko Chini ya Meza

Bi Mejumaa alikuwa akipika mabuyu ya sukari ya kuuza katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Tangu afiwe na mumewe, kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na Jacinta, mama kijana kutoka Kitui aliyemsaidia kufunga na kusambaza madukani.

Masika yalipoingia, mifuko ya karatasi ikawa inalowa. Sukari iliyeyuka, rangi nyekundu ikapenya nje, wenye maduka wakarudisha mzigo. Jacinta alichoka kufokewa. Akanunua mifuko ya nailoni iliyopigwa marufuku, kwa mtu aliyeiuza kwa siri, akaificha bila kumwambia mwenye kazi.

Asubuhi moja wakaingia maafisa wawili wa mazingira. Walisalimu kwa adabu, wakapekua, wakaikuta mifuko chini ya meza.

"Hii ya nani, mama?" mmoja akauliza.

Bi Mejumaa alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Akamtazama Jacinta, mtoto mgongoni, akirudi nyuma hadi ukutani.

"Yangu," akasema. "Huyu nimemwandika tu. Hajui lolote."

Mahakamani alikiri kosa. Faini hakuimudu, basi hakimu akampa kifungo cha nje: afagie soko la Marikiti kila asubuhi kwa miezi mitatu. Chumba nacho kikatiwa kufuli.

Alifagia maganda na majani ya kabeji yaliyooza, buibui amelikunja kiunoni, wachukuzi wakimpigia kelele awapishe. Baadhi ya wateja wake wa zamani walisimama kumpa pole. Wengine walijifanya hawamwoni, na hao ndio aliowashukuru moyoni.

Bi Mejumaa alimngojea Jacinta. Wiki zikapita. Siku alipotokea, alisimama mbali kidogo, karibu na wauza mihogo.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nimepata kazi ya nyumba Nyali. Niliogopa kuja. Nilidhani utanitaja."

"Ningetaka kukutaja ningekutaja siku ile."

Jacinta akalia. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini usije tena hapa. Nikikuona naikumbuka ile meza, na kazi hii yataka nisikumbuke."

Jacinta akaondoka, akipita katikati ya mikokoteni. Bi Mejumaa alitaka kumwita. Akaushika ufagio, akaendelea kufagia.

Kifungo kilipokwisha, alirudishiwa ufunguo. Chumba kilinuka uvundo, na mabuyu yaliyobaki guniani yalikuwa yameliwa na wadudu. Aliambiwa aombe leseni upya, akaguliwe upya, apimwe afya upya. Alikwenda ofisini mara mbili, akasimama foleni, mara ya pili akaondoka kabla hajafika dirishani.

Kakake Chirau akaja kumchukua, akaishi naye Kisauni. Chumba alimpangisha muuza vinyago. Wakwe zake walipomtaka apike mabuyu ya arusi, alisema mikono inamuuma.