Kula Kiapo

Karwirwa aliingia korti ya Embu miguu ikimuuma na roho imemchoka, maana kibali cha kutoka kijijini alikipata kwa kumbembeleza mkubwa wa homugadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, mpaka aibu ikamwisha. Alikuja kusema jambo moja tu. Jioni ile ambayo mwanawe Njeru alishtakiwa kuwapelekea chakula waasi wa msituni, alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemnywesha uji. Mtu mwingine wa kulisema hakuwapo.

Asidhaniwe alikuwa mpenzi wa watu wa msituni. Walimuua kaka yake Njuki, na serikali ya Wazungu ilipotangaza Hali ya Hatari ili kuwasaka, Karwirwa alishukuru, akasema sasa tutalala. Basi wakalindwa. Kijijini kwao Kibugu wakazungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, wakawa hawaendi hata shambani bila ruhusa, na kila mtu akaulizwa swali lile lile, la kujua kama amejiunga na watu wa msituni: umekula kiapo? Aliyesema ndiyo alipakiwa kwenye lori. Aliyesema hapana alipigwa ili aseme ndiyo. Karwirwa alipigwa, akashikilia hapana yake, akabaki na mkono usionyooka. Huko kulindwa kulimchosha kuliko hofu yenyewe.

Mkalimani wa Kiembu hakuwapo. Yeye naye alikuwa ameshikwa juzi. Akaitwa Kasim, kijana Mwislamu wa mjini, mwenye Kiswahili safi na Kiembu cha kununulia mboga. Hakimu akamwambia neno, Kasim akamgeukia mama kwa adabu.

“Mama, kabla ya kusema, inabidi ule kiapo.”

Kiswahili cha Karwirwa kilikuwa cha sokoni, lakini neno hilo alilijua mno. Akaona ametegwa.

“Mimi hapana kula kiapo,” akasema. “Nilikataa, nikapigwa. Hata leo nakataa.”

Kasim akatafsiri alichosikia: shahidi anakataa kiapo. Hakimu akajifuta uso, akasema asiyeapa hasikilizwi.

Kizimbani, Njeru alikuwa amekatazwa kusema Kiembu, asije akapitisha siri kwa watu wake. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya usalama. Basi akasema kwa Kiswahili, sauti ikimkatika, “Mama, kula tu. Kula kiapo, tafadhali.”

Karwirwa akamtazama mwanawe asimtambue. Kumbe amekula. Kumbe wakubwa walisema kweli. Jioni ile ya homa aliijua, lakini jioni nyingine zote je? Akamkumbuka Njuki.

“Mama, una la kusema?” Kasim akauliza.

“Sina.”

Njeru akapewa miaka saba.

Nje, Kasim alimkuta ameketi kwenye nyasi, akamletea maji. Alikaa naye kidogo, kisha akamuuliza.

“Mama, mbona ulikataa? Ni kushika Biblia tu, useme kwamba utasema ukweli.”

Karwirwa akakishika kikombe bila kunywa. “Kiapo ni hicho?”

“Cha korti ni hicho. Kwani ulidhani kipi?”

Karwirwa akaweka kikombe chini, akageukia barabarani. Lori la wafungwa lilikuwa limeshaondoka, na ndani yake Njeru alikuwa anakwenda akijua kwamba mama yake aliombwa amtetee, akakataa.