Binti wa Mtendaji

Scholastica alikuwa na duka la steshenari Mikumi, kando ya barabara kuu. Alitoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, na kila tangazo la ajira za polisi lilipotoka, vijana kutoka Vidunda hadi Kisanga walimfuata awajazie maombi mtandaoni. Hakuishia kujaza. Asubuhi, tembo wakisharudi porini, aliwakimbiza kwenye uwanja wa mpira, na mchana aliwaketisha dukani akawahoji kama afisa wa usaili. Walimwita Madamu Skola. Wengi aliowafundisha sasa walivaa sare.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuivaa. Ujanani, akitokea kijijini kwao upande wa Rudewa, alipita mbio, akapita maandishi, akapita mahojiano. Kilichobaki kilikuwa barua ya mtendaji wa kijiji, ya kuthibitisha kwamba mwombaji ana tabia njema, hajaolewa na hajazaa. Mtendaji aliitwa Bonifas. Mwaka huohuo baba yake Scholastica alikuwa amesimama mbele ya baraza la ardhi, akaeleza jinsi Bonifas alivyomgawia tajiri mmoja wa ng'ombe mashamba ya wanakijiji. Bonifas hakubishana naye barazani. Alingoja barua ya binti ifike mezani kwake, akaandika kwamba binti huyo ana mtoto.

Kijiji kizima kilijua kwamba mtoto aliyekuwa akibebwa na Scholastica mgongoni alikuwa mdogo wake, ambaye mama yao alifariki siku ya kumzaa. Lakini walioisoma barua hawakuwa wa kijiji hicho. Jina lake likakatwa, na tangazo jingine lilipotoka, umri ulikuwa umempita. Baba yake alikufa akiamini kwamba ni ulimi wake uliomharibia mwanawe.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, aliingia dukani msichana mrefu mwenye miguu ya mkimbiaji, akaamkia vizuri na kusema anaitwa Editha. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake hapohapo Mikumi, na amesikia kwamba aliyefundishwa na Madamu Skola harudi bure. Scholastica alipokea vyeti vyake akavitandaza mezani. Alipofika kwenye jina la baba na kijiji alichozaliwa, mkono wake ulisimama. Akamuuliza baba yake anafanya kazi gani. Editha akajibu kwamba amestaafu, zamani alikuwa mtendaji wa kijiji.

Scholastica alikuwa na kawaida ya kupitisha rula chini ya kila jina, herufi kwa herufi, maana alijua usaili unaanzia kwenye meza ya vyeti. Wiki iliyotangulia alimtuma kijana wa Kimasai aitwaye Sapit kwa wakili mjini Kilosa akaape kwamba majina yote mawili ni yake, kwa sababu cheti chake kimoja kilimwandika Sapiti. Sasa rula ilipita kwenye cheti cha kuzaliwa: Editha. Ikapita kwenye cheti cha kidato cha nne: Edita. Herufi moja ilikuwa imedondoka. Kiapo cha wakili kingeitengeneza kwa siku moja.

Akaiweka rula pembeni. "Vyeti vyako viko sawa," akasema.

Kuanzia siku hiyo alimfundisha kuliko wote. Alimwamsha kwa simu alfajiri, alimwongezea mizunguko wenzake wakipumzika, alimrekebisha mwandiko, akamkaririsha vyeo na wajibu wa askari mpaka Editha akawa anavitaja huku anakimbia. Wenzake walidhani madamu amempenda. Ukweli ni kwamba Scholastica alitaka msichana huyo afike mlangoni kabisa, aione sare ikining'inia, kama alivyoiona yeye. Mtu asiyejiandaa, alijiambia, hapotezi kitu.

Siku moja kwenye mahojiano ya mazoezi alimuuliza kwa nini anataka uaskari. Editha akanyoosha mgongo akasema baba yake alikuwa mtendaji mwadilifu, na kwake ndiko alikojifunza kutenda haki bila kumwonea mtu. Vijana wakapiga makofi. Sura ya Scholastica haikubadilika.

"Jibu zuri," alisema. "Usilibadilishe hata neno."

Mwezi wa saba wakaitwa kwenye usaili Morogoro. Saa nne asubuhi Sapit alimpigia simu Scholastica, akamwamkia, kisha akasema kwa huzuni kwamba Editha amerudishwa kwenye meza ya vyeti kwa sababu ya jina, hata uwanjani hakukanyaga. Amelia mpaka ameshikiliwa na wenzake. Scholastica alimshukuru kwa taarifa, akakata simu, akaenda kumtolea fotokopi mteja aliyekuwa akisubiri. Kutwa nzima alikuwa na wepesi ambao hakuwahi kuujua tangu ujana wake.

Wepesi huo haukulala. Kesho yake Editha alikuja dukani macho yamevimba, na badala ya kulalamika akaomba radhi. Alisema kosa ni lake, alitakiwa kusoma vyeti vyake mwenyewe, na amemwaibisha madamu mbele ya watu. Scholastica hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alimwambia tu amlete baba yake, watazungumza.

Bonifas alifika Jumamosi, mzee aliyevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, akitaka aandikiwe barua ya malalamiko. Editha akasubiri madamu amwamkie mzee wake. Scholastica hakumwamkia. Alimwonyesha kiti, akamuuliza kama anamkumbuka.

Mzee alimtazama kwa muda. "Nisamehe mama," akasema. "Nimeongoza watu wengi."

Scholastica akamtajia jina la baba yake, baraza la ardhi, na barua iliyosema ana mtoto. Bonifas alikunja uso akijaribu kukumbuka, na Scholastica aliona kwamba hatanii. Jambo lililomla miaka ishirini na moja, mwenzake alikuwa amelisahau. Hapo ndipo hasira yake ilipotoka nje.

"Hiyo herufi niliiona siku ya kwanza," alisema, akimtazama mzee, wala si binti. "Niliiona nikanyamaza. Nilitaka umpokee mwanao kama baba yangu alivyonipokea mimi."

Editha akamgeukia baba yake. "Ulijua kwamba hana mtoto?"

"Baba yake alinishtaki mbele ya watu," Bonifas akaanza, kumbukumbu sasa ikimrudia.

"Sikuuliza hilo, baba. Ulijua?"

Mzee akainamisha kichwa. Alijua.

Editha akakusanya vyeti vyake taratibu. Kwa Scholastica alisema jambo moja tu: kwamba kwa miezi mitano amekimbia nyuma yake kila asubuhi, na ingetosha kama angemwambia hata asubuhi ile ya mwisho. Scholastica alikuwa na jibu tangu ujana wake, kwamba na yeye hakuna aliyemwambia. Alilitoa. Likasikika dogo kuliko alivyolitegemea. Msichana akatoka peke yake, wala hakumngoja baba yake.

Habari ilienea kwenye kundi la simu la vijana, na mmoja mmoja wakaacha kuja uwanjani. Sapit, ambaye alikuwa amepita, aliuliza kwa ujumbe kama ni kweli. Alipojibiwa ndiyo, hakuandika tena. Tangazo jipya lilipotoka, Scholastica alisoma sharti la umri, akahesabu kwa vidole. Umri ulikuwa umempita Editha kwa miezi miwili. Scholastica aliambiwa kwamba msichana yuko Kisanga, analima mpunga na mahindi, na kwa baba yake hakanyagi.

Miezi baadaye Bonifas alirudi dukani, amekonda, shati halijapigwa pasi. Alisema binti yake hapokei simu, na kwamba mama kama yeye huenda akasikilizwa. Alimsihi aende Kisanga akamwombee msamaha.

Scholastica alijua angeweza kwenda. Alijua pia kwamba na yeye ana maneno ya kumwambia yule msichana, ambayo hakuna mwingine angeweza kumsemea.

"Siendi kwa ajili yako," akasema. "Siku nikienda, nitakwenda kwa langu."

Mzee akabaki amesimama mbele ya meza, mikono imening'inia. Scholastica akamwomba asogee kidogo, akapokea karatasi za mteja aliyekuwa nyuma yake.