Bakuli Juu ya Nguzo

Nyanchoka alilitazama lile bakuli la kioo juu ya nguzo, nyuma ya laini, zile safu za nyumba za wachuma chai, akasonya. Bwana Afya, mzungu wa kukagua usafi, alikuwa amelileta na kuondoka bila neno. Tangu lini mzungu akaacha chombo chake nje hivi hivi? Huo ni mtego!

Shamba zima hapo Kericho lilimjua Bwana Afya. Siku ya ukaguzi wanawake walipanga sufuria nje, zimefunikwa kifudifudi, na ole wake ambaye yake ilikutwa na masizi: alifungasha virago na watoto wake jioni hiyo hiyo. Sasa bomba la kiwanda lilitapika moshi wa kuni juu ya mapaa yao mchana kutwa, na bakuli lilishaanza kuwa jeusi. Nani angelaumiwa? Bomba?

"Usiliguse, Mama Mokeira," Thuo, mtia kuni wa kiwandani, alimwambia Nyanchoka. "Linakusanya masizi yapimwe. Yakizidi, laini itahamishwa kule juu, mbali na moshi."

Jamani, alivyotaka kuamini! Binti yake Mokeira alikuwa anakohoa mpaka anashika mbavu, na mama mtu alikuwa hali, halali. Lakini Thuo aliyajuaje ya wazungu? Mkikuyu, wakati huu wa Emajensi, hali ya hatari ya serikali, wenzake wamepakiwa kwenye malori na askari, yeye kabaki? Hapana, hapa pana jambo.

Basi kila asubuhi, akienda mtoni, aliliteremsha, akalisugua kwa majivu, akalirudisha safi.

Mwisho wa mwezi Bwana Afya alirudi. Akachungulia, akatabasamu. "Hapa hapana moshi. Watu nakaa hapa hapa."

Nyanchoka alitupa chini kikapu chake cha chai. Akampita nyapara mbio. "Bwana, ni mimi nimeosha! Kila siku! Masizi yalikuwa tele!"

Mzungu alimtazama, kisha akamtazama Thuo aliyesimama nyuma ya Nyanchoka. "Nani fundisha wewe sema hivyo? Wewe nataka nyumba mpya, eh?"

"Haki ya Mungu, Bwana, nilikuwa nakuogopa wewe!"

Bwana Afya alicheka, akang'oa bakuli lake, akaingia garini.

Mokeira alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. Akangoja kikohozi kimwachie.

"Mama, tunahama lini?"