Salongo ya Mazout

Wakati Kanyere alimaliza kugeuza baba yake, kipande ya ngozi ya kiuno ilibakia ku drap ya kitanda. Akaipanguza. Muzee Kitsa hapana alilia. Miezi ine sasa tangu avunjike mufupa, analala ku ile matela ya mousse, laini kama sifongo, yenye Kanyere alimuletea kutoka Butembo, na bidonda byake bilianza kufungika. Bilianza tu.

Harufu ya mazout, mafuta ya moteur, ilikuwa mupaka ndani ya chungu. Jana pirogi ya patron Abdias ilipasuka ku ziwa, mbele ya Kyavinyonge, na mapipa kumi na mbili ya mazout ndani. Ésaïe, mwenye kuongoza moteur, alikuwa amemuambia: patron, hii mbao imeoza, tubebe nusu. Abdias alimucheka. Leo Ésaïe iko ku cachot, amefungwa, na tilapia ziko tumbo juu mu maji yenye kung'aa rangi-rangi.

Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, Zacharie, aliingia bila kupiga hodi. Basoda babili na bunduki nyuma yake.

"Mama Kanyere, ni salongo, kazi ya lazima ya batu bote. Kila nyumba itoshe matela moja. Mousse inakunywa mazout, ziwa inabakia safi."

"Chef, baba analala juu yake."

"Ziwa ni ya siye bote, mama."

"Iko na bidonda, chef. Muangalie."

Chef aliangalia mulango. "Mwenye atakatala, hatauzisha tena samaki hapa."

Musoda mumoja alishakamata muzee, akamulalisha ku mbao za kitanda kama muzigo ya makara, mwenzake akavuta matela. "Pole, muzee mobange. Jioni matela itarudia." Kweli, alisema vile.

Ku bandari matela zilikuwa zinaelea, na bamama mu maji mupaka kiuno. Zikishiba, banazivuta, banazikamulia mu mapipa. Mapipa ilikuwa na jina ya Abdias. Yeye mwenyewe alikaa ku kiti, chini ya mwavuli.

Hulda, jirani ya Kanyere, njo aliuliza: "Chef, hii mazout inaenda wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Na samaki zenye zimekufa, mwenyewe ni nani?"

"Mama," musoda alisema, "matela yako inakunywa kupita bwana yako! Kamua haraka, noki noki!"

Batu balicheka. Hulda pia alicheka. Angefanya nini.

Kanyere alikamua. Mikono iliungua, kisha hapana iliungua tena. Saa kumi alikunja matela, akaitia ku kichwa. Mazout ikamuchurukia mu macho.

"Unaenda nayo wapi?" Abdias alisimama.

"Mulisema jioni inarudia."

Abdias aliingiza kidole mu mousse, akakitosha, kinang'aa. "Mazout yangu ingali ndani."

"Patron, baba yangu iko ku mbao tangu asubuhi."

"Sijakatala, mama. Malizia tu kukamua."

Akaishusha. Akapiga magoti. Alikamua, Abdias akaingiza kidole, kikang'aa. Alikamua tena. Kikang'aa tena.

Pembeni, musoda alitosha sigara, akawasha briquet. Bamama bote baliruka. Hulda alianguka mu maji akiita Mungu, Nyamuhanga, chef alikimbia kupita bote, Abdias akatoroka, kiti yake ikapinduka.

Kanyere peke yake hapana aligeuka. Magoti yake ilikuwa juu ya mousse, inatoa matone.

"Patron," alisema, ku kiti yenye ilianguka. "Gusa tena."