Hesabu ya Vidole Vinane

Tangu kamba ya chuma imkate vidole viwili vya mkono wa kulia kazini, baba alikuwa akila peke yake chumbani. Aliona haya kumega wali mbele yetu. Mama alishachoka kumbembeleza.

Mimi si msemaji. Lakini siku ile skuli Mwalimu Justus alitwambia kwamba watu huhesabu kwa makumi kwa sababu tuna vidole kumi, basi. Mwenye vinane angefunga fungu lake kwenye nane, na hiyo nane angeiandika moja na sufuri. Nikarudi nyumbani Likoni mbio. Nilipompelekea baba chakula chake, sikutoka, nikakaa.

"Baba, una miaka thelathini na sita, si ndiyo?"

"Kwani, Barke, wataka kuniozesha?"

Nikamweleza huku nikitazama mkeka. "Thelathini na sita ni mafungu manne ya nane, na nne zabaki. Kwa vidole vyako inaandikwa nne, halafu nne. Ukianza kulia au kushoto, ni ile ile."

Akautoa mkono ndani ya shuka, akahesabu polepole, kisha akarudia.

"Nne na nne?" mama akasema mlangoni. "Arubaini na nne hiyo. Kumbe nimeolewa na mzee, wallahi."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Basi mzee msimuache ale peke yake," akasema.

Akabeba sahani yake mwenyewe, akaja kuimimina kwenye sinia letu, akanawa, akamega tonge kwa vidole vitatu.